Dabo ya Jumanne

Katika nyumba yetu ya mtaa wa Jericho kulikuwa na sheria moja ya kazi ambayo kila mtoto aliijua kabla ya kujua kusoma: Jumapili ni dabo. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mablanketi, na mara mojamoja, oda zilipozidi, aliitwa kazini Jumapili na siku hiyo moja ikalipwa kama siku mbili. Wiki hiyo tulikula nyama. Mama hakupenda mtu yeyote akose ibada, lakini alikuwa amejitungia maelezo ya kuituliza nafsi yake. Alisema kwamba Jumapili ina mwenyewe, kwa hiyo mwajiri anayeitaka sharti ailipie mara mbili, mara ya kwanza kwa jasho na mara ya pili kwa kumtoa mtu kanisani.

"Si hivyo," Baba alikuwa akisema huku akicheka. "Ni sheria tu."

"Na sheria ilitoka wapi?" Mama alimuuliza, naye akarudi kwenye sahani yake, kwa sababu hakujua.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Kosa ninalotaka kulieleza halikuzaliwa hotelini nilikolifanya. Lilizaliwa nyumbani, katika jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa kwa baba yangu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri kuitwa chuo kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kusubiri huko kuliweza kuchukua karibu miaka miwili, muda mrefu kiasi cha mtu kusahau alichokuwa akikisubiri. Baada ya miezi kadhaa ya kukaa nyumbani nikichoka bila kufanya lolote, nilipata kazi ya kuhudumia meza katika hoteli iliyokuwa karibu na soko. Nasema hoteli kama tunavyosema sisi: hapakuwa na kitanda hata kimoja. Palikuwa na meza saba, kaunta yenye kabati la kioo la mandazi, na jiko lililokuwa nyuma ya pazia la plastiki.

Mwenye hoteli alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Mkoa wa Kati, aliyeanza kwa kuuza uji sokoni akapanda polepole hadi kufikia kaunta yake mwenyewe. Sote tulimwita Mama. Jikoni alikuwako mpishi mmoja, mtu wa Mkoa wa Magharibi kama wazazi wangu, mpole, mzito wa maneno, aliyekuwa amepika miaka mingi katika hoteli kubwa ya mjini kabla ya kupunguzwa kazi. Yeye tulimwita Mzee. Mezani tulikuwa wawili. Mwenzangu alinizidi kwa miaka minne au mitano, aliishi Dandora na mtoto wake wa kike, na aliweza kubeba sahani sita kwa safari moja huku akijibizana na wateja wa pande zote mbili. Alinifundisha kazi yote. Alinifundisha pia kutoomba radhi kila ninapopita, tabia ambayo ilikuwa ikiwachelewesha wateja.

Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa safi, Mama alinipa kazi zote za kuandika: bei ubaoni, orodha ya vitu vya kununua, na siku moja, uvumi ulipoenea kwamba wakaguzi wa kazi wanapita katika hoteli za mtaa, kadi za wafanyakazi. Tangu hapo akaniita Mwalimu, na wengine wakamfuata.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yetu nzito. Makanisa yalipofungua milango, watu walimiminika na kwaya zao, majoho mkononi, watoto wakiwa na soksi nyeupe ambazo hazingekuwa nyeupe baada ya supu. Kuanzia saa sita hadi jioni hatukuketi. Jumanne hoteli ilifungwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa siku ambayo lori lilileta magunia ya maharagwe na mahindi kutoka mashambani, na asubuhi yake tulifika wote, tukaweka viti katika duara uani, kila mtu na sinia lake mapajani, tukachambua maharagwe ya juma zima: mawe huku, mabovu kule, mazima ndani ya sufuria. Mama aliketi nasi. Alipika chai ya maziwa mengi na kutupa mandazi ya moto, akasimulia habari za ujana wake sokoni, nasi tukacheka. Adhuhuri ilipokaribia tulienda nyumbani. Ninakiri kwamba sijawahi kuwa na asubuhi nilizozipenda kuliko zile. Hazikufanana na kazi kwa namna yoyote.

Basi katika mwezi wangu wa tano nikaanza kufikiri juu ya dabo. Kama ilivyo desturi yangu hadi leo, nilifikiri kupita kiasi. Nilizihesabu Jumapili zangu zote, nikaondoa ile moja niliyougua, nikaandika hesabu katika karatasi ya mirabaraba. Nikatunga barua. Niliiandika upya mara tatu, nikibishana na nafsi yangu kama "tunaomba" ni dhaifu mno na "tunadai" ni kali mno, nikatua kwenye "tunakukumbusha kwa heshima". Kisha nikampelekea mwenzangu ili naye atie sahihi, kwa kuwa niliona aibu kudai peke yangu haki iliyokuwa ya wote wawili.

Aliisoma akiwa ameegemea mlango wa nyuma, midomo ikitembea.

"Manze, Mwalimu. Una uhakika na haya mambo?"

"Nina uhakika."

"Kwa sababu wewe ukifutwa, unaenda chuo. Mimi nikifutwa, naenda wapi?"

"Jumapili ni dabo. Ni sheria."

"Umesoma mahali?"

Nikasema ndiyo.

Sikuwa nimesoma mahali popote. Nilikuwa nimesikia mezani kwetu, miaka nenda miaka rudi, kutoka kwa baba yangu ambaye hakuwahi kunidanganya, na kwa akili yangu ya wakati ule tofauti kati ya kusikia na kusoma ilikuwa ndogo. Sasa si ndogo. Ninaandika haya katika majuma ambayo tasnifu yangu ya uzamili imerudishwa na jopo la walimu ikiwa na swali moja tu pambizoni, "umejuaje?" Sitaki kuijadili tasnifu. Ninataja tu kwamba swali lile liliniuma mahali palipokuwa na kovu tayari.

Mwenzangu alitia sahihi. Alichukua muda mrefu kuandika jina lake, kama mtu anayeshona.

Tulimkabidhi Mama barua Jumatatu alasiri, wateja wa mchana walipokuwa wamekwisha. Akavaa miwani, akaisoma kaunta ikiwa kati yetu.

"Mwalimu, hii Kiswahili ni ya kanisa ama ya korti?"

"Ni ya barua tu, Mama."

Aliisoma mara ya pili. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliinama, akatoa chini ya kaunta mkebe wa biskuti alimohifadhi karatasi zake, akapekua, akaniwekea kadi moja mbele yangu.

"Soma hapa."

"Siku ya mapumziko," nikasoma. "Jumanne."

"Huo ni mwandiko wa nani?"

"Wangu, Mama."

"Mimi sijamdhulumu mtu. Wewe siku yako ya kupumzika ni Jumanne. Jumapili kwako ni kazi kama Alhamisi. Nenda uulize popote unapotaka, hata hiyo ofisi ya kazi, wakuambie."

Nilielewa papo hapo, na kwa ukamilifu. Kiwandani kwa baba yangu watu walipumzika Jumapili. Ndiyo maana Jumapili ililipwa dabo. Dabo ilikuwa ya siku ya mapumziko, siku yoyote ile ambayo mtu amekubaliana na mwajiri wake. Jumapili haikuwa na upekee wowote. Sisi watoto wa wafanyakazi wa viwandani na wa madawati ya kanisa, tuliokuwa tumeona siku hizo mbili zikikaa mahali pamoja tangu kuzaliwa, hatukuwahi kufikiri kwamba zingeweza kutenganishwa. Na mimi mwenyewe ndimi niliyezitenganisha, kwa wino wa buluu, bila kujua nilichokuwa nikiandika.

Mama alikuwa amemgeukia mwenzangu.

"Na wewe, mtu mzima mwenye mtoto, ukaweka sahihi. Kama Jumapili ni nzito sana, kaa na mtoto wako Jumapili. Kaa naye na siku hizo zingine pia. Kuanzia Jumamosi nitatafuta mtu mwingine."

"Mama, barua niliiandika mimi," nikasema.

"Najua. Wewe uko njiani tu, chuo kinakungoja. Huyu ndiye nilitegemea awe na akili."

Mwenzangu alifungua mkanda wa aproni yake, akaufunga tena kwa nguvu zaidi, akachukua kitambaa na kwenda kufuta meza ambazo zilikuwa safi. Jioni tulipotoka alitembea mbele yangu hadi njia zetu zilipoachana, akageuka mara moja tu.

"Ulisema umesoma," akasema.

Sikuwaambia wazazi wangu. Ningemwambia nini Baba? Kwamba alichokisema ni kweli, nami nimekitumia kumfukuzisha mtu kazi? Niliamka Jumanne nikiwa nimeazimia kwenda kwa Mama, kujiondoa mimi ili mwenzangu abaki. Nilikuwa nimeipanga hotuba yenyewe, yenye utangulizi na hoja tatu.

Nilipofika uani, mwenzangu alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi mahali pake pa kawaida, sinia mapajani, akichambua. Mzee alikuwa mkabala naye. Mama alileta chai, akaketi, akachukua sinia lake. Maharagwe yalisikika yakidondoka katika sufuria, na badala ya kuitoa hotuba yangu, iliyokuwa nzuri sana njiani, nilichukua sinia.

Ni Mzee aliyezungumza, naye hakuinua macho kutoka katika sinia.

"Mama, naomba kuuliza kitu."

"Uliza, Mzee."

"Leo ni siku gani?"

"Jumanne. Si unajua?"

"Na hii kadi ya Mwalimu ilisema anapumzika siku gani? Nilisikia jana kutoka jikoni, lakini masikio yangu yamezeeka."

"Jumanne."

"Ehe." Akatoa jiwe, akaliweka pamoja na mengine. "Sasa, hapa tunafanya nini?"

Mikono ya Mama ilisimama.

"Kule mjini," Mzee akaendelea kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi, "mtu akiitwa siku yake ya ofu, hata kama ni kuja kukata vitunguu saa mbili tu, hayo masaa yalilipwa dabo. Hata yule meneja mkali aliyekuwako, hilo hakubishana nalo. Mwalimu amekosea siku, Mama. Jambo lenyewe hajalikosea."

"Lakini, Mzee, mimi hukaa nanyi hapa. Nachambua kama nyinyi. Nawapikia chai."

"Ndiyo, Mama. Na chai yako ni tamu kuliko ya mjini, Mungu anajua. Lakini maharagwe ni ya hoteli."

Mwenzangu, ambaye hakuwa na la kupoteza tena, akalitazama rundo lake dogo la mawe lililokuwa miguuni.

"Na mawe pia ni ya hoteli," akasema. "Hakuna mtu hapa huenda nayo nyumbani."

Mzee alicheka puani. Mama hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani, nasi tukabaki tukisikiliza. Tulisikia maji yakimiminwa, kiti kikivutwa, mkebe wa biskuti ukifunguliwa. Nilizipitia njia zote ambazo mambo yangeweza kwenda, na katika zote nilizoziona mwenzangu alikuwa akitoka mlangoni. Ilikuwa nusu saa, pengine chini ya hapo. Nilipomtazama mwenzangu, mikono yake ilikuwa bado inachambua, lakini mabovu alikuwa akiyatia katika mazima.

Mama alirudi na barua yetu, akanipa.

"Mwalimu, andika tena. Na safari hii uandike Jumanne."

Nikaigeuza barua kutafuta upande mtupu.

"Kuanzia leo," akasema, "haya masaa ya asubuhi nitayalipa dabo, kila mtu. Ya nyuma siwezi. Nikilipa ya nyuma nafunga hii hoteli, na tukifunga, hata hiyo dabo mtaiokota wapi? Mnasemaje?"

Nilikuwa na la kusema kuhusu ya nyuma. Nilikuwa nimeshaanza kuyapiga hesabu. Mwenzangu alinikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino.

"Tunakubali, Mama," Mzee akasema.

"Na dada?" nikauliza, nikimwonyesha mwenzangu kwa kidevu. "Kuhusu Jumamosi?"

Mama aliketi, akalivuta sinia lake.

"Jumamosi nini? Nani atabeba sahani, wewe na hiyo mikono ya kalamu?"

Ndivyo alivyobaki. Hakuna neno jingine lililosemwa juu ya jambo hilo, na mwenzangu hakushukuru, jambo ambalo leo naona lilikuwa sahihi. Aliomba tu chai nyingine.

Nimewahi kujiuliza, kwa kuwa siwezi kuacha kujiuliza, kama tuliziharibu asubuhi zile kwa kuziita kazi. Jumanne iliyofuata niliogopa kwamba tumeziharibu kweli. Mama aliweka chai na mandazi kama kawaida, lakini hakuketi. Alisimama kando ya mlango, mikono kifuani, kana kwamba hakujua tena nafasi yake katika duara ni ipi.

Mwenzangu akamtazama kutoka chini.

"Mama, kaa. Ukisimama hivyo unafanana na nyapara."

"Nikikaa, mimi nani atanilipa dabo?"

"Mwandikie mwenye hoteli barua," Mzee akasema. "Mwalimu atakusaidia na Kiswahili."

Hapo Mama alicheka mpaka akaishika fremu ya mlango, akaketi, na kabla ya gunia kufika nusu alikuwa amekwisha kutuanzishia kisa cha mteja wa uji aliyelipa kwa kuku aliye hai. Maharagwe yalichambuka kama zamani. Tofauti niliyoiona ni kwamba saa sita kasoro robo mwenzangu aliitazama saa ya ukutani, akasema saa zetu zimetimia, na hakuna aliyemwona mkorofi.

Nina deni la shukrani kwa watu wengi wa uani pale. Kwa Mzee, aliyeweza kunisahihisha mbele ya watu bila kuniaibisha, ujuzi ambao nimeutafuta chuoni kote na kuukuta kwa wachache. Kwa Mama, aliyekubali kushindwa na hoja iliyotoka jikoni kwake mwenyewe, ilhali angeweza kutufukuza wote na asiulizwe na mtu. Kwa baba yangu, niliyemweleza yote baadaye, akatikisa kichwa na kusema, "Kumbe hata mimi sikujua kwa nini." Lakini shukrani yangu kubwa ni kwa mwenzangu, kwa sababu alikuja Jumanne ile. Alikuwa amefutwa; hakuwa na sababu ya kuja siku yake ya mapumziko. Kama kiti chake kingekuwa kitupu, Mzee angeuliza swali lake mbele ya pengo, na lingekuwa rahisi zaidi kupuuzwa.

Siku ile ile ya cheko la Mama tulitoka pamoja mchana. Nilikuwa nimebeba maneno yangu juma zima, na safari hii sikuyapanga.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Sikuwa nimesoma mahali popote. Nilisikia tu kwa baba yangu."

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Wewe? Ungekuwa umesoma, ungenitajia hadi ukurasa."

Tulitembea hatua kadhaa. Nikamuuliza kwa nini basi alitia sahihi, akijua, na mtoto wa kulisha, na kodi ya nyumba Dandora isiyongoja mtu.

"Nilikuwa nimechoka, Mwalimu," akasema. "Na wewe ulikuwa na kalamu."

Kisha akaniuliza kama kesho yake ningeweza kumshikia meza zake hadi saa nne, kwa kuwa mtoto alikuwa na kliniki, nami nikamwambia asiwe na haraka, atamkuta Mama ameshajulishwa.